Kisichotua

Katika mji ule kitu kisichojulikana hakikuruhusiwa kutua chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, na kama zilikuwapo nyingine, hakuna aliyezikumbuka. Mtu akiokota kipande cha vita, singe iliyoliwa na kutu, kifungo cha koti, ganda la risasi, alikipeleka Nyumba ya Mabaki, na yule aliyekipokea mlangoni alikibeba mkononi mpaka kipate jina. Kikipata jina kiliwekwa rafuni na kuandikiwa kibandiko, na aliyekuwa amekishika wakati jina linatamkwa ndiye aliyehesabiwa kuwa mtambuzi wake. Kisipopata jina alikula nacho, alisali nacho, alizeeka nacho.

Vita vyenyewe vilikuwa vipi, watu walibishana. Wapo waliosema vilipita zamani, kabla ya saa kuanza kuhesabiwa. Wapo waliosema havijafika bado, ila ardhi ya mji ule ina haraka, hutoa mabaki kabla ya maiti. Kila mvua za masika zilipokatika udongo ulitema chuma, na watoto walitoka na vikapu kama watu waendao kuchuma uyoga. Hakuna aliyelia. Utamlilia nani, na hujui kama amekwisha kufa au bado hajazaliwa?

Mize alianza kutambua vitu katika nyumba ile tangu alipokuwa hafikii rafu ya pili. Kaka yake, Machano, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba na mwenye kukusanya. Lakini jicho lilikuwa la Mize. Alijua kutu ya aina tatu: ya mvua, ya bahari na ya damu. Alijua kusoma alama za viwanda zilizobaki nusu. Alikuwa na kiti chake dirishani, penye mwanga, na lenzi iliyoning'inia kwa uzi juu ya meza, na kila asubuhi alipoigusa ile lenzi ikazunguka, alihisi kwamba naye yumo duniani. Alikuwa mwenye haya. Mbele za watu maneno yalimwishia kooni. Lakini kitu kilipokuwa mezani hakikumwuliza kwa nini hasemi.

Kisha Machano akaoa. Ilikuwa katika mwezi ule uliopita bila Ijumaa hata moja, na mke akaitwa Shemsa.

Shemsa alikuwa na mwili mkubwa na kicheko kilichomtangulia chumbani. Hakuwa na haja ya lenzi. Siku yake ya pili katika nyumba, Machano alikuwa ameshika kifungo cheusi ambacho Mize alikuwa anakisoma tangu alfajiri. Shemsa alikipokea, akakitia kinywani, akakiuma.

"Pembe," alisema. "Ya nyati. Koti la mpiga baragumu."

"Umejuaje?" Machano aliuliza.

"Kina chumvi upande mmoja. Anayepuliza, jasho humtoka upande wa shavu linalovimba."

Machano alicheka kwa furaha, kicheko ambacho Mize alikuwa amekisikia mara mbili tu maishani, na mara zote mbili yeye ndiye aliyekuwa chanzo chake. Jioni ya siku ile ile kiti cha dirishani kilikuwa na joto la mtu mwingine.

Mize alifanya nini? Alijificha nyuma ya mlango wa stoo na mkebe wa vifungo, akaviuma vyote, kimoja kimoja, mia mbili na kitu. Vyote vilikuwa na ladha ya kifungo. Cha mwisho kilimvunja pembe ya jino, na tangu hapo kila alipokunywa maji baridi jino lilimkumbusha.

Kwa kuwa hakuweza kusema, alinunua kanga. Muuzaji alimfunulia kumi na mbili, naye akazisoma majina yote, kwa maana kanga bila jina ni kitambaa tu, na jina la kanga ni yale maneno yaliyoandikwa chini, ambayo mwanamke huyavaa pale ambapo mdomo umekataa. Alichagua iliyoandikwa ULIPOKUJA ULINIKUTA. Akajifunga, akapita mbele ya wifi yake mara tatu, mara ya tatu akasimama kabisa na kumpa mgongo.

Shemsa alisoma taratibu, akifuatisha kwa kidole hewani.

"Kanga nzuri, wifi," alisema. "Na ni kweli, nilikukuta. Ningekuja nikakuta nyumba tupu ningeogopa."

Utafanya nini na mtu wa namna hiyo? Adui anayekutukana unaweza kumtupia jiwe. Anayekushukuru kwa tusi lako, jiwe unabaki nalo wewe.

Na hapo ndipo Mize alipoanza kufikiri juu ya wivu kama alivyofikiri juu ya vitu vingine, akiugeuza huku na huku, akitafuta alama ya kiwanda. Aliona kwamba wivu nao ni mtambuzi. Hakuna jicho linalomjua mtu kama jicho la mwenye wivu. Mpenzi husahau upande gani mwenziwe huanza kuvaa kiatu; mwenye wivu hasahau. Mize alijua Shemsa anavuta pumzi mara ngapi kabla ya kutaja jina la kitu. Alijua kwamba Shemsa haanzi na kitu chenyewe, bali na kilichokifunika: gazeti, gunia, jani, tambara. Hunusa kwanza hilo. "Kitu hujifunza kudanganya," Shemsa alizoea kusema. "Tambara halina akili hiyo." Mize alilijua hili kuliko Machano alivyolijua, na kuliko Shemsa mwenyewe. Je, huko si kupenda? Aliogopa swali hilo, akalifunika.

Siku moja, kati ya sala mbili za mchana, akaja Bi Mwanakombo, ajuza wa upande wa mashamba, na kikapu kidogo kichwani. Mize ndiye aliyemwona kwanza. Kwa desturi mtu anapokuja na mzigo hupokewa, na neno ni hilo hilo, nikupokee. Na Shemsa alikuwa tayari ukumbini, ameshafungua kinywa kulisema. Mize alimpita mbio.

"Nikupokee, bibi!"

"Nipokee, mwanangu," Bi Mwanakombo alisema, naye akashusha pumzi ambayo ilionekana haikuwa yake peke yake. "Kimebebwa na mama yangu, na mamake mama. Kilikuwa kwenye shimo la viazi. Kwetu hakikupata jina. Mimi mikono imekwisha."

Akaenda zake, akitembea kama mtu aliyeshuka kitandani baada ya homa.

Ndani ya kikapu mlikuwa na tambara lililosokotwa mviringo, gumu, jeusi kwa uchakavu, na katikati ya ule mviringo, kama yai katika kiota, kibati cha shaba. Kilikuwa cha duara, kipana kama kifuniko cha kikombe, chenye tundu juu na nambari iliyogongwa kwa mkono: 9306. Hakikuwa na sura ya mfalme wala tai wala taji. Mize alikitwaa kwa mkono wa kushoto ili wa kulia ubaki wa kulia chakula. Kisha akasikia nyayo za Shemsa zinakuja, na akaliona lile tambara, na akajua.

Hakufikiri. Au alifikiri haraka mno hata haya yake haikupata nafasi. Alilichukua tambara, akaingia jikoni, na kwa kuwa mtungi wa maji ulikuwa ukiyumba tangu kata yake ya zamani ilipooza, akauinamisha kwa goti, akalisukumiza tambara chini ya kitako chake. Akatoka.

"Kilifungwa na nini, wifi?" Shemsa aliuliza.

"Hakikufungwa."

Shemsa alimtazama. "Haya," alisema.

Siku ya kwanza kibati kilikuwa na uzito wa kibati. Siku ya pili kilikuwa na uzito wa chungu cha wali. Siku ya tatu iliingia kabla ya ya pili haijatoka, zikabanana mlangoni, na kibati kilikuwa na uzito wa gunia la unga. Mtu mwenye mkono mmoja hawezi kukuna nazi. Hawezi kusuka nywele. Hawezi kujifunga kanga. Mize aliishika yake kwa meno, ULIPOKUJA ikiwa kinywani na ULINIKUTA ikiburuzika sakafuni.

"Nikufunge, wifi?" Shemsa alimwambia. "Utajikwaa."

"Sijikwai."

"Basi nikupokee hicho kidogo, ujifunge mwenyewe."

"Kimenipata mimi."

"Eti kimekupata! Kama ugonjwa?" Shemsa alicheka. Machano naye akacheka, na Mize akasikia vicheko viwili vinapandana kama mawimbi.

Alikisoma kibati kwa lenzi mpaka macho yakatoa maji. Shaba, ndiyo. Tundu, ndiyo, ukingo wake umeliwa na kamba, si utepe. Nambari. Na nini tena? Nambari ni kitu gani? Jina huita mtu mmoja atoke katika wengi. Nambari humrudisha mmoja ndani ya wengi, na kufunga mlango. Aliyegonga tarakimu hizi alikuwa na nyundo, na mwenye nyundo alikuwa na amri, na mwenye amri hakuwa na haja ya kujua kama huyu anapenda ndizi mbivu au mbichi. Ndiyo maana kitu hiki hakitui, Mize alijiambia. Kimehesabiwa, hakikutajwa. Mtu anaweza kuhesabiwa maisha yake yote na asitajwe hata siku moja. Mimi je? Nani ananitaja tangu kicheko kile kiingie nyumbani?

Mimi ndiye niliyekuwapo.

Mimi ndiye ninayeijua kutu ya damu.

Mimi, na kiti kimeota umbo la mwili wa mwingine.

Elfu tisa mia tatu na sita, njoo ule. Naam, nakuja.

Aliitika kabla ya kujua kwamba hakuna aliyeita. Alifungua kiganja akaona nambari imejichapa ndani ya nyama, kinyumenyume. Akainuka kwenda kunawa. Kutoka dirishani hadi jikoni ni ukumbi wa hatua ishirini, lakini siku ile ukumbi ulirefuka kwa kiasi cha vita. Mbele yake palikuwa na mgongo wa mtu, na mbele ya huyo mgongo mwingine, na mwingine, safu nzima ya watu waendao bila kugeuka, vichwani wamebeba masanduku ya risasi, vitanda vya kukunja, mapipa, birika la chai la mtu fulani, gurudumu la mzinga. Kila shingo ilikuwa na kamba na kila kamba ilikuwa na kibati. Hakuona bunduki hata moja. Mize alitaka kuwauliza, vita viko wapi? Lakini aliyekuwa mbele yake alijibu bila kuulizwa: "Vita viko kichwani. Vishike visianguke." Alipofika jikoni masika yalikuwa yamekatika tena, na wali aliouacha motoni ulikuwa bado haujachemka.

Machano ndiye aliyepoteza subira. Siku ya Kutazamwa ilikuwa kesho. Watu wote wa mji wangepita kati ya rafu na kutazama mabaki, kama walivyofanya kila mwaka. Na rafu ya juu, iliyowekwa kwa ajili ya majemadari, ilikuwa tupu tangu nyumba ijengwe. Majemadari hawadondoshi vitu. Vyote vilivyotoka ardhini vilikuwa vya watu wanaotembea.

Alimwita Mize pembeni, akamwinamia kama zamani, walipokuwa watoto wenye siri.

"Mdogo wangu. Hiyo ni nishani ya jemadari."

"Kaka, jemadari hugongwa nambari?"

"Labda walikuwa wengi."

"Elfu tisa?"

"Mize, sema neno moja tu. Kiko mkononi mwako. Jina likitamkwa wewe ndiye mtambuzi, na kiti cha dirishani kinarudi kwako. Shemsa nitamwambia mimi. Unadhani sioni? Naona. Mkono wenyewe huo, tazama, umevimba. Sema 'jemadari', ukitue."

Kiti. Lenzi ikizunguka asubuhi. Na Shemsa asimame mlangoni atazame, ajue ladha yake. Utamu uliompanda Mize ulikuwa mkali hata jino lililovunjika likauma. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake haya haikulizuia.

"Nikanywe maji kwanza," alisema.

Jikoni Shemsa alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mize aliuendea mtungi, akachota kata moja ya maji, akanywa. Na alipoirudisha kata mahali pake, hiyo ya kifuu, jina likamgeukia. Kata. Ile ya kuchotea, na ile nyingine, ile pete ya nguo ambayo mtungi hukalia. Na ambayo mtu hukalisha mzigo kichwani.

Mtungi haukuyumba. Ulikuwa umetulia tangu siku ile. Mize aliinama akaliona lile tambara lisilo na akili ya kudanganya: msokoto wa mkono wa mwanamke, nguo imezungushwa juu ya nguo, upande wa kulia umebonyea kwa sababu kichwa kilichoivaa kilielemewa upande huo, na weusi wake si uchakavu, ni mafuta ya nywele na jasho la njia ndefu. Mkono wake ulikuwa umeitambua siku ya kwanza. Uliitia chini ya mtungi kama kata kwa kuwa ilikuwa kata. Kitu pekee ambacho amewahi kukitambua bila lenzi, kama Shemsa, bora kuliko Shemsa. Na alikitambua wakati wa kukificha.

Alijaribu kuuinua mtungi kwa mkono wa kulia. Ulikuwa umejaa. Kwa goti haikuwezekana tena.

"Nikupokee, wifi?" Shemsa alisema bila kugeuka. Kila siku alisema hivyo, kama mtu anayesema bismillahi.

"Ukikipokea na jina likapatikana, kiti ni chako moja kwa moja."

"Kiti kile kinauma mgongo."

"Shemsa. Kilikuwa kimefungwa." Sauti ilimtoka nyembamba. "Tambara lilikuwapo. Nilijua ukilinusa utakitambua, nikalificha. Liko chini ya mtungi."

Mbuzi ya nazi ilinyamaza.

"Nilijua," Shemsa alisema. "Kibati kilinuka nywele. Chuma hakioti nywele." Akajipangusa mikono. "Nilikasirika, wallahi. Nikasema, ngoja kimvunje bega. Unadhani ni wewe peke yako? Kila ninapotaja kitu, kaka yako huniuliza, 'Na Mize amesemaje?' Hata kitandani. 'Mize amesemaje?' Siku moja nitamwuma yeye."

Walitazamana. Hakuna aliyecheka, lakini kicheko kilikuwa chumbani mahali fulani, kimekaa.

"Nipokee," Mize alisema.

Shemsa alinyosha mkono. Kibati kilipotoka kiganjani, mkono wa Mize ulipaa wenyewe mpaka usawa wa sikio, kama mkono wa mtu anayeapa. Na la kuudhi ni kwamba Shemsa alikishika kwa urahisi, vidole vitatu, kana kwamba ni kifuniko cha kikombe. Mize aliona hilo. Aliukumbatia mtungi kwa mikono miwili, akauinua, maji yakamwagikia kifuani, akaivuta kata kwa mguu.

Wakaifungua pamoja sakafuni, Mize akisokotoa, Shemsa akiwa ameinama juu ya bega lake. Msokoto wa nje ulikuwa mweusi, wa pili kahawia, na ndani kabisa, pale ambapo utosi wa mtu ulikuwa umeigusa, nguo ilikuwa bado nyekundu. Ilikuwa nusu ya kanga. Na ilikuwa na jina.

"Soma wewe," Shemsa alisema. "Mimi herufi zilizokunjamana zinanishinda."

"USIMTAZAME SANA," Mize alisoma. "ANAYE..." Hapo nguo ilikuwa imeliwa.

"Anaye nini? Anayebeba? Anayeumwa?"

"ANAYE WA KUMTAZAMA," Mize akamalizia.

"Umejuaje?"

"Ningeandika hivyo hivyo."

Mwanamke mmoja, zamani au bado, alikuwa ameambiwa kwamba mtu wake anachukuliwa kubebeshwa vitu vya vita, nchi baada ya nchi, penye wanawake wengine na macho mengine. Hakuwa na la kusema mbele ya wenye amri. Akachana kanga yake, akaisokota kata, maneno akayaweka kwa ndani, yaguse nywele zake yule mtu, na nchi zote alizopita chini ya mzigo alipita nayo, akiwa ametajwa.

Machano alipofika alikuta kibati kimetua juu ya kata iliyofunguliwa, mezani, dirishani. Kilikuwa kimetoa sauti ndogo sana kilipotua.

"Jina gani hilo?" alisema. "Hilo ni jina la kanga."

"Sheria inasema jina," Mize alisema. Alishangaa kusikia anasema. "Haisemi jina la nani."

Machano aliitazama rafu ya juu, tupu, kisha meza. Alikuwa mtu wa sheria. "Nani alikuwa amekishika lilipotamkwa?"

Mize alikuwa na nafasi ya kupumua mara moja.

"Shemsa."

Basi Shemsa akakaa kitini, kiti kikalia kama kilivyolia siku zote chini yake, akavuta kibandiko, akatoa ulimi kidogo kama mtoto wa chuoni. Lenzi ikazunguka. Mwanga ukamwangukia yeye.

"Wifi," alisema, "anaye, nazitia pamoja au mbalimbali?"

"Pamoja."

Mize alisimama nyuma yake akitazama kalamu, mkono mnene unaotembea polepole, shingo iliyoinama. Wivu ulikuwa pale pale. Haukupungua hata kwa uzito wa kifungo. Alitazama zaidi ya ilivyompasa. Kisha akasikia, kutoka jikoni, mtungi ukigongagonga sakafu, tupu chini, unatafuta pa kukaa.

Alikwenda. Ukumbi ulikuwa wa hatua ishirini. Akaivua kanga yake mabegani, akaikunja upapi mwembamba, akaanza kuisokota kwa mikono yote miwili, ULIPOKUJA ikaingia ndani, ULINIKUTA ikaifuata, mpaka ikabaki pete tu isiyosomeka, akaisukumiza chini ya mtungi.

Mtungi ukatulia. Mize akabaki ameushika bado, hajauamini.